Nzi wa Miguu Mirefu Katika Mashamba ya Mpunga

Mkulima wa Chita, uendapo shambani asubuhi katika mwezi wa Februari, mpunga ukiwa mchanga na umande haujakauka, inama kidogo uyatazame majani yaliyo karibu na ukingo wa jaruba. Utaona nzi wadogo wa rangi ya kijani, nao wang'aa kama bati jipya juani. Husimama juu ya miguu mirefu myembamba, kifua kimeinuliwa, kana kwamba hawataki tumbo liguse jani. Hukimbia hatua chache, husimama ghafula, huruka, kisha hurudi pale pale. Makusudi ya karatasi hii ni kukufundisha kumtambua nzi huyo, usije ukamwua kwa kumdhania mwingine.

Nilisukumwa kuandika na jambo lililotokea msimu mmoja. Mkulima mmoja wa huku alinijia mapema na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na ndani yake mlikuwa na nzi kumi na wawili. Akaniambia, "Bwana Shamba, hawa ndio wanaonimalizia mpunga. Niandikie dawa, nikanunue leo." Fedha alikuwa nazo mfukoni, nazo, kama alivyonieleza baadaye, zilikuwa zimewekwa kwa sare na madaftari ya watoto. Tukawamwaga nzi wale juu ya sahani nyeupe, maana walikuwa wamekwisha kufa kwa joto. Watatu walikuwa wezi kweli. Tisa waliobaki walikuwa walinzi wake mwenyewe, aliokesha akiwakamata.

Basi tumtazame kwanza huyu mlinzi. Ni mdogo, kwa kawaida hafikii urefu wa punje moja ya mpunga yenye ganda lake. Mwili wake ni mwembamba, na huzidi kupungua kuelekea mkiani. Macho ni makubwa, nayo yamejaa karibu kichwa chote. Mabawa ni mawili, yenye kupenya nuru, na katika aina nyingine yana mabaka meusi. Miguu ndiyo iliyompatia jina: ni mirefu kuliko inavyostahili mwili mdogo namna ile. Dume ana alama ya pekee, kwani ncha ya mkia wake imekunjwa chini ya tumbo mithili ya kisu cha kukunja. Madume ya aina nyingine yana na mapambo miguuni, nayo huyachezesha mbele ya jike kama mchezaji ngoma. Nimepata kuchuchumaa penye jaruba kwa muda mrefu nikiutazama mchezo huo, hata mwenye shamba akaja kuuliza kama nimeshikwa na homa.

Chakula chake ni wadudu wenye miili laini: vidukari, wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa majani, vijinzi na mabuu yao, na baadhi yao huwakamata hata viluwiluwi wa mbu. Kinywa chake ni kifupi. Hakina sindano ya kumchoma mtu. Humfumbata mdudu, humponda, akamnyonya maji yake. Hauli mpunga wala mboga. Wako watu waonao miguu ile wakadhani ni mbu wa namna mpya. Sivyo. Wengine humfananisha na nzi wa kijani wa mizoga. Lakini yule ni mnene, mkubwa, mwenye manyoya magumu, naye hufuata uvundo, hali huyu hufuata windo.

Watoto wake huwaoni, maana huishi katika tope na udongo wenye unyevu. Buu ni jeupe, halina miguu, na mabuu ya aina nyingi huwinda wadudu wengine humo topeni. Wakati wa kugeuka ukifika, hujifanyia nyumba ndogo ya chembe za udongo, na juu ya kifua huota pembe mbili ndefu za kuvutia pumzi. Ndiyo sababu nzi hawa hupenda nchi kama hii yetu, iliyo chini ya milima ya Udzungwa, ambako maji hushuka na kulowesha bonde mpaka mtoni Kilombero. Na ndiyo sababu dawa ipulizwayo juu ya majani ikadondoka majini huua wazazi na watoto pamoja. (Liko kundi dogo miongoni mwao ambalo mabuu yake huishi ndani ya mabua ya mimea ya majini. Hilo silo nisemalo hapa.)

Sasa tuwatazame wale watatu. Hao nao ni nzi, na miguu yao si mifupi, lakini huwezi kuwakosea ukishatazama kichwa. Macho yao hayako kichwani. Yako kwenye ncha za vijiti viwili vilivyotokeza kulia na kushoto, kama mtu aliyenyosha mikono yote miwili. Kifua ni cheusi, tumbo lina wekundu. Wanasayansi humwita Diopsis. Hukaa penye kivuli na unyevu, na wakati wa kiangazi hukusanyika makundi kwa makundi karibu na vijito. Mvua zinyeshapo na mpunga ukiota, jike huja kutaga mayai moja moja juu ya majani machanga. Funza akianguliwa hushuka ndani ya ala ya jani, akaingia katika chipukizi na kulikata katikati. Jani la katikati hunyauka, likakauka. Ukilivuta hutoka mkononi bila nguvu. Funza huyo akimaliza chipukizi moja huhamia jingine. Nzi mwenyewe, aliyekwisha kukua, hana madhara kwa jani.

Lakini si kila jani kavu la katikati ni kazi yake. Viwavi wa nondo nao hutoboa mabua, na kwa mbali dalili ni moja. Pasua chipukizi kwa wembe. Ukimkuta mdudu mwenye kichwa kigumu na miguu, huyo ni mtoto wa nondo. Ukimkuta wa manjano hafifu, asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana, huyo ni mtoto wa nzi. Jambo hili huchukua dakika chache, nami nastaajabu jinsi lisivyofanywa, hali watu wako tayari kubeba bomba la dawa mgongoni kutwa nzima.

Yule mkulima aliniuliza swali la haki: "Je, hao watatu niwaache?" Sikumjibu pale ofisini. Tulikwenda shambani, tukachagua mashina ishirini, huku na huku, si ya ukingoni tu, tukahesabu. Tulipata machipukizi manne yaliyokauka katika mashina yote ishirini. Mpunga wake ulikuwa SARO 5, ambao vitabuni huandikwa TXD 306, nao huchipua kwa wingi. Tena ulikuwa bado mchanga, wenye nafasi ya kutoa machipukizi mengine badala ya yale yaliyokufa. Nikamshauri angoje, ang'oe yaliyokauka na kuyaharibu, afyeke mpunga mwitu na majani ya ukingoni, kisha ahesabu tena baada ya siku saba. Aliporudi kuhesabu, hasara haikuongezeka. Fedha zake zikarudi katika kazi yake ya kwanza.

Sisemi kwamba dawa haina siku yake. Nasema kwamba dawa nyingi hazichagui, na walinzi wakifa, wezi hurudi kwanza, kwa kuwa chakula chao kipo shambani, hali chakula cha walinzi ni hao wezi. Habari hii ilijulikana sana nchini Indonesia. Huko wakulima walipulizia mpunga wao mara nyingi, na mdudu wa hudhurungi anyonyaye mashina akazidi kuongezeka, maana buibui na wadudu wawindao walikuwa wameuawa. Katika mwaka 1986 serikali ya nchi ile ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwa matumizi ya mpunga, na wakulima wakaanza kufundishwa kutazama na kuhesabu kabla ya kupulizia.

Kwa habari ya nzi mwenye macho ya vijiti, lililo bora ni kupanda mapema, tena kupanda pamoja na jirani zako. Yeye hutafuta mpunga mchanga. Jaruba lililochelewa peke yake humvuta kutoka pande zote. Baada ya kuvuna, lima mabua yaliyosalia yafukiwe, yasiachwe kuchipua tena.

Limebaki neno la majina. Nzi wa miguu mirefu ni jamaa kubwa. Duniani aina zaidi ya 7,000 zimekwisha kuandikwa, na wa Afrika wameandikwa sana na mtaalamu wa Urusi, Igor Grichanov. Kutenga aina moja na nyingine si kazi ya macho matupu, wala ya kwangu. Mara nyingi mtaalamu hutazama ule mkia wa dume uliokunjwa. Basi ukipenda kujua aina ya nzi wa shamba lako, kamata madume matano au sita asubuhi, uwatie katika kichupa chenye spiriti, usiwaponde, maana miguu hukatika upesi. Tia na kipande cha karatasi ndani ya kichupa: mahali, tarehe, mmea aliokuwa juu yake, na jina la aliyemkamata. Kisha ukipeleke kwa Bwana Shamba wako, akifikishe kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ifakara. Karatasi hiyo uiandike kwa penseli. Wino huyeyuka katika spiriti, na mdudu asiye na mahali wala tarehe hamfai mtaalamu kwa lolote.