SOMO LA BAJETI: Kijana Akitimiza Miaka 18, Nani Humlipia Paa?

Katika sheria ya Kenya, mtoto ni mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Kijana aliye na wazazi akifika umri huo, maisha yake hayabadiliki sana: bado anakula kwao na kulala kwao. Lakini yuko kijana aliyelelewa katika makao ya watoto, mwingine aliyemaliza kifungo chake katika shule ya borstali, na msichana aliyekimbia ndoa ya mapema. Kwa hawa, siku hiyo huja na swali moja zito: usiku wa leo watalala wapi?

Swali hili litazidi kuulizwa. Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuhamisha malezi kutoka makao ya watoto hadi katika familia na jamii. Wengi watapata familia. Wengine watatoka wakiwa tayari watu wazima kisheria, bila kazi na bila nyumba. Somo hili linaeleza jinsi serikali ya kaunti inavyoweza kugharamia makazi ya vijana kama hao, na mahali ambapo mkaazi anaweza kusema neno likasikika.

Makazi yenye usaidizi ni nini?

Ni nyumba ya kawaida, ya kupanga au ya kujengwa, ambamo vijana wachache huishi kwa muda huku wakisaidiwa kujitegemea. Kila kijana ana kitanda chake na kufuli lake. Yupo msimamizi anayelala hapo au anayepita kila siku. Kijana husaidiwa kupata kitambulisho, kujiunga na chuo cha kiufundi, kupanga matumizi ya pesa, na kupata ushauri nasaha anapouhitaji.

Si makao ya watoto, kwa kuwa wanaoishi humo ni watu wazima wanaojipikia na kutoka wenyewe. Si bweni wala nyumba ya bure ya maisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Makazi haya humpa kijana mahali pa kulala pamoja na jembe lenyewe, kisha humpa muda wa kujifunza kulima.

Ni kazi ya nani?

Jibu liko katika Katiba ya 2010, na limegawanyika. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Kifungu cha 21 kinaitaka kila taasisi ya serikali kushughulikia mahitaji ya makundi yaliyo hatarini, vijana wakiwemo. Nacho Kifungu cha 260 kinamtambua kijana kuwa mtu aliyefika miaka 18 lakini hajafika 35.

Katika Jedwali la Nne, kaunti zimepewa mipango na maendeleo ya kaunti, nyumba zikiwemo, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Ulinzi wa watoto kwa sehemu kubwa umebaki kwa serikali ya kitaifa, kupitia maafisa wa watoto walio katika kaunti ndogo.

Hapo ndipo kijana huponyoka. Afisa wa watoto anamwona amevuka umri. Idara ya nyumba ya kaunti nayo haina orodha yenye jina lake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni idara kuketi pamoja: watoto, vijana, nyumba na mafunzo ya ufundi. Pale ambapo kazi ni ya serikali ya kitaifa, Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi hizi mbili kukabidhiana majukumu kwa makubaliano, mradi fedha zifuate kazi.

Gharama: mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo ni ya kufundishia tu. Nyumba ni ya kupanga, ina vijana 8, na matumizi yake ya mwezi ni haya:

- Kodi ya nyumba: Sh40,000
- Wasimamizi wawili, kila mmoja Sh25,000: Sh50,000
- Chakula, Sh6,000 kwa kila kijana: Sh48,000
- Maji na umeme: Sh12,000
- Mshauri nasaha: Sh10,000

Jumla ni Sh160,000 kwa mwezi, au Sh1,920,000 kwa mwaka. Kila kijana anagharimu Sh20,000 kwa mwezi.

Funzo kubwa la hesabu hii ni kwamba pesa zote hizo ni matumizi ya kawaida. Hakuna hata shilingi moja ya maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo katika kipindi cha kati, na kanuni zake za 2015 zinaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kaunti kupata pesa za kujenga jengo kuliko za kumlipa msimamizi wake mwaka baada ya mwaka. Jengo likizinduliwa bila fungu la wasimamizi, kilichopatikana ni kuta na utepe uliokatwa.

Njia mojawapo ni kaunti kuanzisha hazina maalumu kwa kibali cha kamati tendaji na bunge la kaunti, kama Kifungu cha 116 cha sheria hiyo kinavyoruhusu.

Funzo kutoka Uingereza

Mwaka 2003, Uingereza ilianzisha mpango uitwao Supporting People. Mabaraza ya mitaa yalipewa takriban pauni bilioni 1.8 za kugharamia usaidizi katika makazi ya watu walio hatarini, wakiwemo vijana wasio na kwao. Pesa hizo zilikuwa na uzio: hazikuruhusiwa kutumiwa kwa kazi nyingine. Mwaka 2009 uzio uliondolewa. Miaka michache baadaye bajeti za mabaraza zilipobanwa, mengi yalipunguza fungu hilo, kwa kuwa hakuna sheria iliyoyalazimisha kulitunza.

Kwa kaunti, maana yake ni kwamba ahadi ya mwaka mmoja haitoshi. Fungu linapaswa kuwa na jina lake katika bajeti na sheria ya kulilinda, la sivyo litakuwa la kwanza kukatwa pesa zikichelewa kutoka Nairobi.

Kalenda ya mkaazi

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi.

- Kufikia Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti. Mradi usiokuwa humu hupata shida kuingia baadaye.
- Kufikia Februari 28: Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti huwasilishwa, nao huweka kiwango cha juu cha pesa za kila idara.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti hufika bungeni. Kamati ya bajeti husikiliza maoni ya umma.
- Kufikia Juni 30: bajeti huidhinishwa.

Anayengoja mkutano wa Mei kuomba jambo jipya hukuta viwango vimeshafungwa. Wakati mzuri ni Julai na Agosti, mpango wa mwaka unapoandaliwa.

Lipo pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo mwenyekiti wake ni gavana. Sheria inataja humo wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Vijana hawakutajwa kwa jina. Hivyo makundi hayo yana wajibu wa kuwasemea, nao vijana wana sababu ya kufika wenyewe katika vikao vya wadi.

Mkaazi anayetaka takwimu, kwa mfano idadi ya vijana wanaotoka makao kila mwaka, anaweza kuziomba kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombi la fungu jipya nalo laweza kuwasilishwa kwa kaunti kama malalamishi rasmi.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika wadi hii, kijana anayetoka makao ya watoto au borstali hupokelewa na nani?
2. Je, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unataja makazi ya vijana hao? Uko chini ya idara gani?
3. Ikiwa kuna jengo lililopangwa, pesa za wasimamizi zimeandikwa wapi?
4. Kijana akae humo kwa muda gani, na atahesabiwa kuwa amejitegemea akifanya nini?