MGENI NA JEMBE: JE, MTALII ANARUHUSIWA KUFANYA KAZI?

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuitazama methali hii juu juu, mtu anaweza kudhani kuwa si vibaya kumpa kazi ndogo ndogo mtalii aliyeingia nchini kwa matembezi. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwa nini dhana hiyo si sahihi, na ni njia ipi iliyo halali.

Maana ya kazi

Ni makosa kuamini kwamba kazi ni ile tu yenye barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtalii anayekaa mapokezi katika nyumba ya wageni ya Jambiani kwa malipo ya kitanda na chakula, anafanya kazi. Anayefundisha kuzamia Nungwi na kulipwa mkononi, naye anafanya kazi. Ujira si fedha taslimu peke yake. Kitanda na sahani ya wali navyo vina bei.

Sheria inavyoelekeza

Uhamiaji ni jambo la Muungano na husimamiwa na Sheria ya Uhamiaji Namba 7 ya 1995. Mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Vibali vya ukaazi viko vya madaraja matatu: A kwa wawekezaji na wenye biashara zao, B kwa walioajiriwa, na C kwa wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wengineo. Kwa kazi maalumu ya muda mfupi, kama vile fundi aliyeletwa kutengeneza mtambo, ipo viza ya biashara isiyozidi miezi mitatu.

Ama masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar inayo Sheria yake ya Ajira Namba 11 ya 2005, inayotaka mgeni awe na kibali cha kazi kabla ya kuajiriwa. Kwa hiyo milango ni miwili, na kufunguliwa mmoja si kufunguliwa wa pili.

Sababu za katazo

Kwanza, ni haki ya kijana wa hapa. Uchukuliwe mfano wa kijana wa Paje aliyejifunza lugha mbili za kigeni na kazi ya mapokezi. Mwenye nyumba akimpata mtalii aliye tayari kufanya kazi hiyo kwa chakula tu, kijana huyo hawezi kushindana naye. Mtalii anayo tiketi ya kurejea kwao. Kijana anao wazee na wadogo zake wanaomtegemea.

Pili, mwajiri wa kificho hamlipii mfanyakazi huyo mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), wala kodi ya mshahara.

Tatu, mtalii mwenyewe hana kinga. Akiumia kazini hana mkataba wa kuuonyesha. Akidhulumiwa ataogopa kushitaki, kwani malalamiko yake yatakuwa ushahidi dhidi yake.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wasemao kuwa mgeni huja na ujuzi unaohitajika. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu vibali vikawekwa. Hata nchi zilizolegeza masharti zimefanya hivyo kwa kanuni zilizoandikwa. Australia ilianzisha mwaka 1975 viza ya likizo na kazi kwa vijana wa nchi ilizokubaliana nazo. Barbados mwaka 2020 iliweka kibali cha miezi 12 kwa wanaofanya kazi za nje kwa njia ya intaneti, kwa sharti la kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. New Zealand, tangu tarehe 27 Januari 2025, inamruhusu mgeni kumfanyia kazi mwajiri wa kwao kwa intaneti, lakini si mwajiri wa New Zealand. Msingi wake ni kwamba mgeni asichukue nafasi ya mwenyeji.

Aidha, Wazanzibari wengi wanao jamaa Oman na Imarati. Huko nako anayekwenda kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Na mwaka 2024 Imarati ilipandisha faini ya mwajiri anayemtumikisha mtu bila ya kibali hadi kati ya dirham 100,000 na 1,000,000. Anayemtaka jamaa yake asafiri kwa njia iliyo sawa, hana budi kuiheshimu kanuni hiyo hiyo nyumbani.

Wajibu wa kila mmoja

Mwajiri atazame viza na vibali kabla ya kumkabidhi mtu kazi. Mtumishi wa Serikali asimpe mgeni ahadi ya mdomo isiyo katika uwezo wake. Amwelekeze Idara ya Uhamiaji na Kamisheni ya Kazi. Mwananchi mwenye wasiwasi amwone Sheha, wala asimbughudhi mgeni, kwani huenda anacho kibali.

Jembe linalotajwa na wahenga ni la kumsaidia mwenyeji shambani. Halikuwa jembe la kumpokonya mtoto wa nyumba.