Sare kwa sado ya dagaa

*Mimi ni fundi cherehani Butimba. Jirani yangu, muuza dagaa, namshonea sare za watoto, ananilipa sado mbili kila sare. Siku hizi nahisi napunjwa, lakini naona haya kumwambia. Nifanyeje?*
*Mama Cherehani*

Pole, mama. Sidhani jirani anakupunja. Anayewachanganya ni mwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika, dagaa huadimika na sado hupanda bei. Giza likirudi bei hushuka, nanyi mmeng'ang'ania sado mbili zilezile. Masika ni balaa zaidi, kwani dagaa hawakauki vizuri.

Pimeni kwa shilingi, hata kama hakuna noti inayotoka. Siku ya makabidhiano ulizeni bei ya sado sokoni, mlinganishe na bei ya mshono, muandike kwenye daftari, wote mtie sahihi. Kitambaa na uzi alipe taslimu. Mwenye duka hapokei dagaa! Na ingiza mkono hadi chini ya sado: dagaa mkavu huvunjika kwa mlio, mbichi hujikunja tu.

Deni likifika sare mbili, simamisha cherehani. Akikataa hesabu, nenda na daftari kwa mwenyekiti wa mtaa.