Alama za Usemi katika Kiingereza

Mtu asemapo, wamsikiao hujua sauti ni ya nani. Lakini karatasi haina sauti. Kwa sababu hiyo waandishi wa Kiingereza hutia alama mwanzo wa usemi na mwisho wake, ili msomaji ajue maneno yametoka katika kinywa cha nani. Katika vitabu vingi alama ya kufungua hufanana na 66 ndogo, na ya kufunga hufanana na 99.

Zamani hazikutumika kama sasa. Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 haina alama hizi. Msomaji hana budi kupambanua wasemaji kwa herufi kubwa na kwa maana.

Faida yake yaonekana katika maneno haya: The teacher said the clerk is a thief. Mwizi ni nani? Mwanafunzi akiandika: The teacher said, “The clerk is a thief,” basi msemaji ni mwalimu, na mshitakiwa ni karani. Akiandika: “The teacher,” said the clerk, “is a thief,” msemaji ni karani, na mshitakiwa ni mwalimu. Maneno ni yale yale, yamefuatana vile vile. Alama tu zimeuondoa wizi kwa huyu na kumtwika yule. Kama maneno hayo yamo katika barua iendayo kwa hakimu, kosa la kalamu laweza kumponza asiye na hatia.

Kanuni zake ni hizi:

1. Ndani ya alama huwekwa maneno yale yale aliyoyatamka msemaji. Mwandishi akiyageuza, amemsingizia mwenzake. Asiyeyakumbuka sawasawa na aeleze maana tu, bila alama. Yafaa kuandika: The clerk said, “I am ill.” Yafaa pia: The clerk said that he was ill. Lakini kuandika: The clerk said that “I am ill,” ni kuchanganya njia mbili, na ni kosa.

2. Usemi kamili huanza kwa herufi kubwa. Mkato au nukta imalizayo usemi huo hukaa ndani ya alama ya kufunga.

3. Swali likiwa la msemaji, alama ya kuuliza hukaa ndani: “Where is the clerk?” asked the judge. Likiwa la mwandishi, hukaa nje: Did the clerk say, “I am ill”?

4. Kila msemaji mwingine aanzapo, huanza fungu jipya.

Tena alama hizi si pambo. Mwenye duka akiandika “fresh” fish, akidhani ameusifu uzuri wa samaki wake, Mwingereza apitaye husoma kinyume: kwamba samaki huitwa wabichi, lakini sivyo walivyo. Naye huenda zake bila kununua.

Maswali

1. Kwa nini alama za usemi zahitajiwa katika maandishi kuliko katika mazungumzo?

2. Andika mara mbili, ukitia alama: The chief said the cook has stolen the salt. Kwanza mwizi awe mpishi, kisha awe jumbe.

3. Sahihisha: The boy said that “I am hungry.”