HABASODA NA MGONJWA WA SUKARI

Tumeulizwa na mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu, kwamba mama yake ana maradhi ya sukari, na tangu mwezi uliopita ameacha sindano zake za insulini akatosheka na mafuta ya habasoda. Watoto wakimsihi arudi kwa daktari, huwajibu: "Nyinyi mwaikanusha hadithi ya Mtume?" Muulizaji ataka kujua kama kweli wameikanusha.

Jawabu: Hawakuikanusha. Hadithi ya habasoda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, ya kwamba mbegu hiyo nyeusi ina shifaa ya kila ugonjwa ila mauti. Lakini na tuitazame jinsi ilivyokuja. Bukhari ametaja kwamba Ghalib bin Abjar aliugua safarini, akafikishwa Madina hali yu mgonjwa, Ibn Abi Atiq akaja kumzuru. Akawaambia watwae mbegu tano au saba, wazisage, kisha wamtone puani pamoja na mafuta, upande huu na upande huu; ndipo akaitaja hadithi aliyoisikia kwa Bibi Aisha (r.a.). Hiyo ilikuwa dawa yenye kipimo chake na njia yake, kwa mgonjwa aliyetazamwa kwa macho.

Ama neno "kila", maulamaa walilieleza zamani. Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alisema ni neno la jumla lililokusudiwa mahsusi, kwani hapana mmea mmoja uliokusanya nguvu za kupinga maradhi yote. Ibn al-Qayyim akalifananisha na upepo wa Aad katika Suratul Ahqaf: umetajwa kuwa waharibu kila kitu, na papo hapo twaambiwa maskani zao zilibaki zikionekana. Wako waliolichukua neno kwa ujumla wake. Lakini Ibn Hajar aeleza kwamba habasoda pengine hutumiwa peke yake, na pengine huchanganywa na dawa nyingine.

Na wataalamu wa leo wameona nini? Mwaka 1963, katika uchunguzi wa habasoda ya Misri, kilitolewa katika mafuta yake kitu kiitwacho thaimokwinoni, na tangu hapo kimejaribiwa mara nyingi katika maabara. Mwaka 2016 yalikusanywa majaribio 11 yaliyofanyiwa wanadamu juu ya presha ya damu, ikaonekana kwamba habasoda hukiteremsha kipimo cha juu kwa kadiri ya 3. Yaani mwenye 160 huwa na 157. Sukari nayo imeonekana kushuka kidogo, na wengi waliojaribiwa walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Majaribio mengi ni madogo na ya muda mfupi. Basi faida ipo, wala haikuzuliwa. Lakini aambiwaye kwamba kijiko cha mafuta chasimama mahali pa insulini amedanganywa. Mwenye kuhitaji sindano mwili wake umepungukiwa na insulini, na habasoda haina insulini ndani yake.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Saad alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa ni mtu mwenye kutibu, ndiye amtengenezee tende saba za ajwa. Tende ni zile zile alizozisifu Mtume mwenyewe, na juu ya hayo alizitia mikononi mwa tabibu!

Lawama yetu haimwelekei huyo mama. Yawaelekea wauzaji wanaosimama na chupa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa, wakawaambia wagonjwa watupe vidonge. Imepokewa pia kwamba ajitiaye utabibu naye hakujulikana kwa utabibu, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Sijui wangapi katika hao wangeuza chupa ya pili kama wangedaiwa dhamana hiyo.

Mama na arudi leo kwa daktari wake, apimwe sukari, naye daktari amwambie kiasi cha sindano cha kuanzia baada ya siku alizoiacha. Akipenda habasoda yake asikatazwe, ila daktari ajue, kwani ikikutana na dawa sukari yaweza kushuka mno akazimia. Na watoto wamweleze kwa upole hadithi ya Ghalib na ya Saad, kwani hizo atazisikiliza kuliko hesabu za maabara.