Amana ya Mzazi Baada ya Tohara

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ameihesabu tohara ya wanaume pamoja na mambo ya maumbile safi ya mwanadamu, kama kukata kucha na kupunguza masharubu. Waislamu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuhimizwa sana juu ya jambo hili. Baba hutoa gharama, mwana hutahiriwa, jamaa hula pilau, na wote huona kwamba wajibu umekwisha. Lakini, ndugu msomaji, yafaa tujiulize: ni nani amtazamaye mtoto usiku wa tatu, wageni walipokwisha kwenda zao?

Kukata ni kazi ya dakika chache. Kupona ni kazi ya siku nyingi. Kidonda cha mtoto mchanga kwa kawaida hupona kwa muda wa siku 7 mpaka 10. Kwa kijana na mtu mzima, ngozi ya juu huweza kuonekana imefunga mapema, lakini kidonda huhesabiwa kuwa kimepona kabisa baada ya majuma 6 hivi. Katika muda huo wote mzazi yupo katika amana.

Kwanza, usafi. Anayemhudumia mtoto aoshe mikono kabla ya kumgusa. Bendeji huondolewa kwa wakati ulioagizwa na daktari, mara nyingi baada ya siku moja au mbili. Ikiwa imegandamana na kidonda isivutwe, bali ilowekwe kwa maji safi ya uvuguvugu mpaka ilegee yenyewe. Baada ya hapo kidonda kioshwe taratibu kila siku na kukaushwa. Kijana avae shuka au msuli, asivae suruali ya kubana. Mtoto mchanga apakwe vaselini safi ili nepi isinate.

Pili, kidonda kisitiwe kitu ambacho daktari hakukiagiza. Majivu, unga wa mizizi, dawa ya meno na mavi ya ng'ombe vyote vimepata kutumiwa. Wazee wetu walitibu kwa walichokuwa nacho, wala hatuwadharau. Lakini leo twajua kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na kidonda ndicho mlango wao. Kurani Tukufu inatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe (2:196). Basi mzazi ahakikishe kabla ya tohara kwamba mwanawe amekwisha pata chanjo ya pepopunda.

Tatu, mzazi ajue kupambanua. Uvimbe kidogo, maumivu ya siku za mwanzo na utando wa manjano juu ya kidonda ni mambo ya kawaida. Utando huo si usaha, wala usikwanguliwe. Matone machache ya damu hukoma kwa kukandamiza kitambaa safi kwa dakika chache. Lakini damu isiyokoma, homa, harufu mbaya, usaha, wekundu unaoenea, ngozi kuwa nyeusi, au kushindwa kukojoa, hayo yote ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Nne, bendeji isikazwe mno, wala mtoto asinyimwe maji ya kunywa. Huko Eastern Cape, Afrika ya Kusini, vijana wengi wamekufa au kupoteza viungo baada ya kutahiriwa katika kambi za jando. Miongoni mwa sababu zilizothibitika ni kufungwa kwa kukazwa hadi damu isipite, na kuzuiwa kunywa maji.

Tano, na hili ndilo lisahauliwalo zaidi: mtoto aachwe aseme. Jandoni vijana hufundishwa kwamba mwanamume halii. Ushujaa ni sifa njema, lakini kijana aliyeambiwa kwamba kulia ni aibu ataficha homa yake, ataficha na damu yake, mpaka siku ambayo dawa haifai tena. Ewe baba, usingoje aje kwako. Mwulize asubuhi na jioni, ukitazame kidonda kwa macho yako, na umpe dawa ya maumivu kama alivyoagiza daktari.

Kuhusu ibada, Islam ni dini ya wepesi (2:186). Kijana asiyeweza kusujudu kwa maumivu asali akiwa ameketi, na asiyeweza kutumia maji atayamamu. Kidonda kisiwe sababu ya kuacha sala, wala sala isiwe sababu ya kukitonesha kidonda.

Na mtu mzima aliyetahiriwa ajizuie na tendo la ndoa kwa majuma 6 kamili. Uchunguzi uliofanywa Afrika ya Kusini, Kenya na Uganda, uliotangazwa kati ya mwaka 2005 na 2007, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Hiyo si kinga kamili, na kidonda kibichi kwa hakika huongeza hatari.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzilinda amana zetu, na awape watoto wetu afya njema. Amin.