Tamasha Uwanjani, Radi Angani: Mwongozo kwa Wakazi wa Eldoret

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na msimu wake wa mvua huanza Machi ukaendelea hadi Septemba. Asubuhi jua huwaka vizuri. Alasiri, tamasha likianza kupamba moto, wingu linafunga. Agosti, mwezi ambao mji huu ulipewa hadhi ya jiji mwaka wa 2024, nao ni wa mvua.

Kunyeshewa si hoja. Vaa gambuti na koti zito, maana usiku baridi ya huku haina mzaha. (Mwavuli uache nyumbani, utatoboa watu macho.) Cha kuogopwa ni radi, na zaidi pale watu wanapokimbilia inapopiga.

Umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja, kwa hivyo ngurumo ikija kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita 10: ondokeni. Shida ni kwamba spika zikinguruma hakuna atakayesikia mbingu. Mwandalizi aweke mtu wa kutazama anga tu, mwenye idhini ya kuzima muziki bila kumwuliza mdhamini. Msanii akinuna, anune. Hakuna kurudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwende wapi? Si chini ya mti, wala hemani, hata hema ya wageni waheshimiwa. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Hema haizuii umeme, na upepo ukivuma inakuwa hatari ya pili: Agosti 2011, dhoruba iliyopiga tamasha la Pukkelpop nchini Ubelgiji iliangusha mahema na miti, watu watano wakafa.

Ingieni katika jengo la kudumu lenye kuta, nyaya za stima na mabomba. Likiwa mbali, matatu au basi linafaa: fungeni madirisha na milango, msiguse chuma. Umeme hupitia bodi ya nje hadi ardhini. Basi magari yaegeshwe karibu na lango, yasipelekwe ng'ambo ya barabara. Mafundi nao waachane na jenereta, nyaya na nguzo za jukwaa mara moja.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hivyo mguse bila hofu. Wakiwa wengi, anzeni na aliyelala kimya bila kupumua. Anayelia atangoja kidogo. Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akipigia Msalaba Mwekundu, 1199. Hata aliyeinuka akasema yuko sawa apelekwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi akapimwe moyo na masikio.